Wanafunzi Watanzania wa biashara barani Ulaya

Wanafunzi Watanzania wa biashara barani Ulaya ni raia wa Tanzania wanaosomea biashara, uhasibu, uchumi, fedha au usimamizi katika vyuo vya nchi za Ulaya. Wachache huenda kwa muhula mmoja. Wengi hutafuta shahada nzima, hivyo hukaa mwaka mmoja hadi minne au zaidi mbali na nyumbani.

Hapo ndipo wanapotofautiana na wanafunzi kutoka Marekani ambao hukaa nao darasa moja. Desturi ya vyuo vya Marekani kupeleka wanafunzi Ulaya kwa muda ilianza mwaka 1923, Chuo Kikuu cha Delaware kilipopeleka wanafunzi 8 Ufaransa. Mmarekani wa namna hiyo hubaki mwanafunzi wa chuo chake, na masomo aliyofaulu ng'ambo huhesabiwa kwenye shahada yake ya nyumbani. Mtanzania aliyefuata shahada nzima hana chuo kinachomsubiri. Akishindwa, hurudi bila cheti. Kwa sababu hiyo maisha yake hutawaliwa na mambo matatu: fedha, kibali cha kuishi na mitihani.

Historia

Wakati wa ukoloni Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Waliofaulu sana walikwenda Makerere, Uganda, na wachache sana walipelekwa Uingereza. Anayejulikana zaidi ni Julius Nyerere, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Hakusomea biashara, lakini uchumi ulikuwa miongoni mwa masomo yake pamoja na historia na falsafa. Alirejea nyumbani mwaka 1952 akafundisha Pugu kabla ya kuingia kikamilifu katika siasa.

Baada ya uhuru nchi ilihitaji haraka wahasibu na mameneja wazalendo. Vyuo vya ndani vilianzishwa hatua kwa hatua: Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) mwaka 1965 na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) mwaka 1972. Wakati huo huo vijana waliendelea kwenda nje. Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame mkoani Kilimanjaro, alisomea uhasibu Uingereza. Alirejea mwaka 1971, akafanya kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand, na baadaye akaanzisha kampuni za IPP.

Nchi za kisoshalisti nazo zilitoa nafasi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Wazanzibari kadhaa walisoma Ujerumani Mashariki. Waliokwenda huko walianza kwa kujifunza lugha ya nchi kabla ya kuingia katika masomo yenyewe.

Njia za kwenda

Njia kuu ni ufadhili, makubaliano ya vyuo, au kujilipia. Miongoni mwa ufadhili unaojulikana ni Chevening wa Uingereza, ufadhili wa Jumuiya ya Madola, DAAD wa Ujerumani na Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya. Nafasi nyingi kati ya hizo ni za shahada ya uzamili, hivyo mwombaji hupaswa kuwa na shahada ya kwanza.

Mpango wa Erasmus ulianza mwaka 1987 kwa ajili ya nchi za Ulaya zenyewe. Tangu 2015 unaruhusu pia kubadilishana wanafunzi na vyuo vya nje ya Ulaya, vikiwemo vya Afrika, endapo vyuo viwili vimeandikiana mkataba. Mwanafunzi wa mpango huo halipi ada katika chuo kinachompokea, na masomo yake huhesabiwa chuoni kwake.

Mfano wa Itumba

Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, karibu na mpaka wa Malawi. Mwanafunzi wa huko hufuata barabara ya Mpemba hadi barabara kuu ya Tunduma na Mbeya. Kutoka hapo huchagua ndege ya Uwanja wa Songwe au basi la kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Balozi nyingi za Ulaya ziko Dar es Salaam, hivyo safari hiyo huweza kurudiwa zaidi ya mara moja kabla ya viza kutoka. Kwa familia inayotegemea kahawa, mahindi au maharage, nauli hizo ni gharama ya kwanza ya masomo, hata kabla ya ada. Inafaa cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani na pasipoti viwe tayari mapema, na majina yafanane katika hati zote.

Fedha na kibali cha kuishi

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, isipokuwa mchango mdogo wa kila muhula. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo masomo bila ada si masomo ya bure. Tangu Septemba 2024 mwombaji wa viza asiye na mfadhili ameonyesha kwa kawaida euro 11,904 katika akaunti maalumu, ambayo humruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Kiasi hicho kwa mwaka ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Bima ya afya ya mwanafunzi hupita euro 100 kwa mwezi.

Kazi za muda zina mipaka. Uingereza huruhusu wanafunzi wengi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ujerumani imeruhusu siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka tangu 2024. Anayezidisha huweza kupoteza kibali cha kuishi, na anayefanya kazi usiku kucha hufika darasani amechoka.

Masomo

Vyuo vingi vya Ulaya hupima kazi kwa krediti: 60 kwa mwaka, kila moja ikiwa na saa 25 hadi 30 za kazi. Sehemu kubwa ya saa hizo ni kujisomea. Alama hutofautiana kwa nchi. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Ufaransa hutumia alama 20, na 10 ni kufaulu. Uingereza asilimia 70 ni daraja la kwanza.

Katika biashara wanafunzi huchambua matatizo ya kampuni halisi kwa vikundi, na mhadhiri hutarajia apingwe kwa hoja. Anayetoka katika shule ambako kumbishia mwalimu ni utovu wa adabu huchukua muda kuzoea. Kwa upande mwingine, kijana aliyekulia Tunduma, ambako kwacha na shilingi hubadilishwa kila siku, huja na ujuzi wa fedha za kigeni ambao wenzake husoma vitabuni.

Maisha ya kila siku

Hata aliyezoea baridi ya Juni na Julai katika milima ya Ileje hushangazwa na majira ya baridi ya Ulaya. Edinburgh mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Upweke huongezeka wakati huo. Unga wa mahindi hupatikana katika maduka ya Waafrika na Waasia kwenye miji mikubwa, na makanisa, misikiti na vyama vya Watanzania huwakutanisha wageni. Kiswahili chenyewe hufundishwa katika vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo vya London, Leipzig na Bayreuth.

Kurudi nyumbani

Shahada ya nje hutambuliwa nchini kupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Anayetaka kufanya kazi ya ukaguzi wa hesabu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Wengine hubaki Ulaya na kusaidia familia kwa fedha wanazotuma. Sheria ya uraia ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili; hivyo anayechukua uraia wa kigeni hupoteza ule wa Tanzania.