Jina Nililolifuta

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Kibondo. Jioni moja, tukijiandaa kwa mashindano ya wilaya, niliketi ofisini peke yangu, nikachukua kalamu nyekundu, nikalifuta jina la msichana wa darasa la sita katika orodha ya mbio za mita 800. Sababu yake nitaieleza. Lakini kwanza sina budi kusimulia habari za binti mwingine, ambaye sijapata kumwona kwa macho, bali maisha yake ndiyo yaliyonirudisha kwenye orodha ile.

Binti huyo ni Francine Niyonsaba. Alizaliwa tarehe 5 Mei 1993 Nkanda Bweru, katika uliokuwa mkoa wa Ruyigi nchini Burundi. Kwa msomaji wa mbali huenda jina Ruyigi halina maana. Sisi wa Nduta tunalijua kama mtu anavyojua kijiji cha wakwe zake. Ni ng'ambo ya mpaka tu, na Kirundi chao na Kiha chetu vinasikilizana bila mkalimani. Tarehe 21 Oktoba 1993, Francine akiwa na miezi mitano, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikawaka moto. Watu walivuka kuja kwetu kwa maelfu na maelfu. Niliwaona barabarani, mikeka kichwani, watoto mgongoni, wengine wakiwa na mbuzi mmoja tu aliyesalia. Ndiyo asili ya makambi ya wilaya zetu, Nduta ikiwa mojawapo. Nayo baada ya kufungwa ilifunguliwa tena mwaka 2015, machafuko yalipozuka upya ng'ambo. Watoto wale wa mgongoni walikuwa rika la Francine.

Mwaka 2012, akiwa na miaka 19, alikuwa bingwa wa Afrika wa mita 800 huko Porto-Novo, Benin, na mwaka huohuo akaingia fainali ya Olimpiki ya London. Mwaka 2016 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za ukumbini, Portland, Marekani. Kisha ikaja Rio. Fainali ilikimbiwa usiku wa Jumamosi tarehe 20 Agosti, wakati kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Caster Semenya wa Afrika Kusini alishika nafasi ya kwanza, Francine ya pili kwa dakika 1 na sekunde 56.49, Margaret Wambui wa Kenya ya tatu. Ilikuwa medali ya pili tu ya Burundi tangu dunia iumbwe. Ya kwanza ni dhahabu ya Vénuste Niyongabo, Atlanta, 1996. Asubuhi ile nikienda kanisani niliwakuta vijana wa kambini wamezunguka redio moja, wakishangilia kwa Kirundi. Mzee mmoja aliniambia, 'Mwalimu, leo Ruyigi imetajwa bila kutaja maiti.' Sikuwa na la kumjibu.

Lakini wakati huohuo yalikuwepo manung'uniko. Wakimbiaji walioshindwa, na baadhi ya waandishi wa nchi za mbali, walisema washindi wale hawakuwa wanawake kama wengine. Mwezi Aprili 2018 shirikisho la riadha la dunia lilitoa kanuni juu ya wanawake waliozaliwa na maumbile tofauti, ambao miili yao hutengeneza homoni ya testosteroni kwa wingi. Wakitaka kukimbia kuanzia mita 400 hadi maili moja, ilibidi waipunguze kwa dawa. Semenya alikwenda mahakamani, akashindwa tarehe 1 Mei 2019, na siku chache baadaye kanuni ikaanza kutumika. Mwaka huohuo Francine alisema hadharani kuwa naye yumo katika kundi hilo, na kwamba hakuchagua kuzaliwa hivyo.

Hakumeza dawa. Alihamia mbio ndefu, jambo ambalo mwalimu yeyote wa michezo atakuambia ni sawa na kumhamisha seremala kwenye uhunzi. Tokyo, mwaka 2021, aliondolewa katika mchujo wa mita 5,000 kwa kukanyaga nje ya njia yake. Siku chache baadaye akawa wa tano katika mita 10,000. Septemba alishinda fainali ya mita 5,000 ya Diamond League huko Zurich, na tarehe 14 mwezi huo, Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya mwaka 1994, yeye akiwa bado mtoto mchanga. Ilidumu hadi 2024, alipoivunja Jessica Hull wa Australia.

Machi 2023 kanuni ilipanuliwa ikagusa mbio zote, fupi na ndefu, na kiwango kikashushwa zaidi. Francine alikuwa hajatimiza miaka 30.

Mjukuu wangu, mpenzi wa mieleka ya kwenye televisheni, alinieleza kuwa Japani kulikuwa na kampuni ya mieleka ya wanawake, iliyoanzishwa 1968, ambayo desturi yake ilikuwa kuwastaafisha wapiganaji wakifika miaka 26 hivi. Mmoja wao, Chigusa Nagayo, aliyependwa mno na wasichana wa shule, aliaga mwaka 1989 akiwa na miaka 24, akarudi 1993, kisha akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Desturi ile ilikuwa ngumu, lakini kila msichana aliijua siku anaingia, na nje ya mlango alibaki yuleyule aliyeingia. Francine alihama mlango mmoja akaenda mwingine, nao ukafungwa, tena kwa maneno yanayogusa alivyoumbwa.

Sisemi kuwa wanaotunga kanuni hawana hoja. Msichana anayefanya mazoezi miaka kumi akashindwa naye ana machozi yake, na mashindano ya wanawake yana sababu ya kutengwa. Hata hivyo, Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa shauri la Semenya halikusikilizwa kwa haki huko Uswisi. Basi hata wakubwa walifanya haraka.

Mimi nilifanya haraka kuliko wao. Msichana wangu alikuwa mrefu, sauti nzito, kifua bapa, na alimwacha kila mtu nyuma. Walimu wa shule jirani walikuja wakicheka, wakasema tunaleta mvulana aliyevaa sketi. Sikumwita mama yake. Sikumwuliza mtoto neno. Nilifuta, nikaandika jina la mwingine, ambaye alimaliza wa sita.

Asubuhi alipoisoma orodha ubaoni alisimama pale hadi kengele ikalia, kisha akaingia darasani. Hakukimbia tena, hata kwenye mchakamchaka alitembea, nami sikumchapa.

Yupo hai. Ana wajukuu, anauza maharage gulioni. Mwezi uliopita nilinunua kwake kilo mbili. 'Shikamoo mwalimu,' alisema, akaniongezea konzi moja juu ya mzani. Nilisema marahaba, nikauliza hali ya mvua upande wao.