Vipimo rejea vya stronti: Mizani inayofichua alikolishwa ng'ombe

JINO la ng'ombe aliyekulia Silibwet, katika nyanda za chai za kaunti ya Bomet, hubeba alama ya udongo ulioziotesha nyasi alizokula. Alama hiyo ni madini ya stronti, na wanasayansi huisoma ili kujua mnyama, au binadamu wa kale, aliishi wapi alipokuwa mchanga. Hata hivyo, usomaji huo hauwezi kuaminika bila vipimo rejea, yaani vitu ambavyo thamani yake imekwisha kujulikana na ambavyo maabara hulinganisha navyo matokeo yao.

Mkulima wa chai hulielewa jambo hili bila kufundishwa. Anapofikisha majani mabichi kituoni, malipo yake hutegemea mizani. Mizani isipokaguliwa kwa jiwe la uzito unaojulikana, hakuna ajuaye nani anapunjwa.

Stronti hutoka wapi?

Stronti hufanana na kalsiamu kitabia. Kwa sababu hiyo hutoka kwenye mwamba, ikaingia udongoni, majini na katika mimea, kisha ikajificha mahali pa kalsiamu ndani ya mifupa na meno, ambayo ni fosfeti, au ndani ya makombe na matumbawe, ambayo ni kaboneti.

Kiasili ina isotopu nne: 84, 86, 87 na 88. Isotopu ya 87 huongezeka polepole kadiri rubidi iliyomo mwambani inavyooza, na nusu ya rubidi hiyo huchukua takriban miaka bilioni 50 kuisha. Ndiyo maana mwamba mkongwe wenye rubidi nyingi huwa na uwiano mkubwa wa 87 kwa 86, ilhali mwamba wa volkano, ambao ni mchanga zaidi, huwa na uwiano mdogo.

Milima ya Kericho na Bomet imefunikwa na miamba ya volkano. Miamba ya namna hiyo katika eneo la Bonde la Ufa huwa na uwiano wa karibu 0.704 hadi 0.706. Upande wa Migori kuna miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, na katika miamba ya kale kiasi hicho uwiano waweza kuzidi 0.710. Mwaka wa 2020, Anneke Janzen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tofauti hizo nchini Kenya na kaskazini mwa Tanzania.

Tofauti hizo ndizo zinazowawezesha watafiti kufuatilia mifugo ya wafugaji wa kale na ndovu wa leo. Mwaka wa 1990 jarida la Nature lilichapisha tafiti zilizotumia isotopu, stronti ikiwemo, kutafuta asili ya pembe za ndovu. Mwaka wa 1995 mbinu hiyo ilitumiwa kwa ndovu wa Amboseli.

Jiwe la mizani

Kipimo rejea kinachotumiwa zaidi ni SRM 987, unga wa kaboneti ya stronti unaotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Cheti chake cha awali kilitaja uwiano wa 0.71034, lakini maabara nyingi sasa hukubaliana kwamba thamani yake ni karibu 0.71025. Maabara inayopata namba tofauti hurekebisha matokeo yake yote kwa kiasi hicho.

Hata hivyo, unga safi haufanani na jino wala kombe. Kwa kaboneti, hutumiwa EN-1, kombe kubwa la baharini kutoka kisiwa cha Enewetak, na JCp-1, tumbawe la Ishigaki nchini Japani. Yote mawili hubeba uwiano wa maji ya bahari ya sasa, karibu 0.7092. Kwa fosfeti kuna SRM 1400, jivu la mifupa lenye takriban 0.7131, na SRM 1486, unga wa mifupa wenye takriban 0.7093.

Fosfeti ina mtego wake. Jino linapochomwa kwa miale ya leza ndani ya mtambo, kalsiamu, fosforasi na oksijeni huweza kuungana na kutoa chembe yenye uzito wa 87, sawa na stronti inayotafutwa. Kosa hilo laweza kufikia 0.001 au zaidi. Ng'ombe wa Silibwet aliye na 0.705 ataonekana kuwa na 0.706, na huenda akadhaniwa alitoka malisho mengine kabisa. Kaboneti haina fosforasi nyingi, hivyo kombe pekee haliwezi kulifichua kosa hilo. Sharti fosfeti ipimwe kwa fosfeti.

Udongo wa chai

Nyanda za chai zina matatizo mengine mawili. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na asidi hiyo humumunyua makombe ya konokono na kudhoofisha mifupa. Gamba gumu la jino ndilo hustahimili zaidi, wala haliruhusu stronti ya udongoni kupenya kwa urahisi kama mfupa ufanyavyo.

Pili, mbolea ya fosfeti na chokaa ya shambani huja na stronti ya mahali pengine. Anayetaka kujua alama halisi ya Silibwet hatachukua majani ya shamba lililotiwa mbolea, bali mimea ya msituni, na ataipima pamoja na vipimo rejea siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ripoti yoyote ya stronti, iwe ya historia ya ufugaji au ya pembe za ndovu zilizonaswa, inapaswa kutaja mambo matatu: thamani ya SRM 987 iliyopatikana, kipimo rejea cha fosfeti au kaboneti kilichotumika, na kiwango cha kosa. Ripoti isiyoyataja ni sawa na mizani isiyo na muhuri.