Mang'ati: Jina Walilopewa Wadatoga

Kabla ya Wamaasai kufika, malisho ya ndani ya kreta ya Ngorongoro yalikuwa ya Wadatoga, jamii ya wafugaji. Katika karne ya 19 walipigwa na Wamaasai, wakasukumwa kusini kuelekea Ziwa Eyasi na Mlima Hanang. Makaburi yao yalibaki. Kaburi la mkubwa wao mmoja limo ndani ya kreta, na Wadatoga bado wanaliheshimu.

Washindi waliwaita Mang'ati, yaani maadui. Halikuwa tusi: Wamaasai walimwita hivyo mtu waliyeona anafaa kupigana naye. Ila jina lilipoingia katika Kiswahili, vita viliachwa nyuma, likabaki neno tupu. Msikilizaji akalijazia maana yake mwenyewe: watu wa hamaki, wepesi wa kushika mkuki kabla ya kuuliza. Watawala wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, walilikuta hivyo wakaliendeleza.

Wamaasai nao walisifiwa ukali huohuo, kana kwamba ni wa kuzaliwa. Lakini tarehe 18 Machi 1892, Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipofika kwenye kreta, alikuta ukali umezimwa na njaa. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imemaliza mifugo yao. Wanawake waliokonda hadi mifupa, na watoto wao, waliizunguka kambi yake wakiomba chakula.

Tukirudi kwa Wadatoga, damu ilimwagika kweli, na majirani waliofiwa hawakuwa wakisimulia hekaya. Kijana wa Kibarabaig, tawi lao kubwa, aliyeua simba, tembo au adui alipokewa kwa shangwe, akapewa ng'ombe na ndugu zake. Familia nyingi za Wairaqw na Wairamba zililia kwa sababu hiyo, na serikali ya kikoloni ikatoza faini jamii nzima. Hata hivyo, mtu anayetoka nyumbani kutafuta sifa ambayo ukoo wote utaitunza hatumwi na hasira. Alikwenda akijua anachokifuata. Kuliita jambo hilo tabia ya kuzaliwa ni kukwepa kuuliza liliendeshwaje, na kwa nini watu waliokwisha kunyang'anywa malisho waliuthamini mkuki kiasi hicho.

Na hasira ya kweli, ile ya nyumbani, Wadatoga walikuwa na pa kuipeleka. Mume akimtesa mkewe, wanawake wa jirani huitana, wakakaa chini ya mti kama baraza, wanaume wakikaa mbali. Mke husikilizwa, mume huitwa ajieleze. Akionekana na kosa, baraza humtoza dume la ng'ombe, na kwa mfugaji hilo linauma. Akikataa, wanawake humtishia laana, nayo huogopwa kuliko faini. Basi yule anayesemwa hawezi kuizuia hasira yake huenda zizini, akamfungua dume, akamkabidhi kwa baraza.