Menyu za Maandishi Katika Usakinishaji wa Linux

Katika miaka ya mwanzo ya Linux, mtu aliyetaka kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayoendana na kompyuta yake aliiandaa mwenyewe. Amri ya make config ilimwuliza maswali, moja baada ya jingine, kuhusu diski, kadi ya mtandao na mfumo wa mafaili. Aliyekosea jibu moja hakuweza kulirudia. Ilimbidi aanze upya.

Nafuu ilitoka kwa dialog, programu ya Savio Lam inayochora visanduku na orodha kwa herufi tupu, bila kuhitaji michoro wala kipanya. Slackware, toleo la Linux lililoanzishwa na Patrick Volkerding mwaka 1993, liliitumia katika usakinishaji wake. William Roadcap naye alijenga menuconfig, menyu ya kuandalia kerneli, juu ya msingi huohuo, na kerneli 2.0 ya mwaka 1996 ilitoka ikiwa nayo. Sasa mtumiaji aliweza kuingia sehemu yoyote, kubadili mawazo, na kurudi alikotoka kwa kubonyeza Esc mara mbili. Nyota ndani ya mabano ilionyesha kipengele kinachoingizwa ndani ya kerneli. Herufi M, kile kinachobaki moduli ya kupakiwa baadaye.

Debian, toleo jingine la Linux, ilikuwa na tatizo lake. Kila kifurushi cha programu kiliuliza maswali yake kwa namna yake, katikati ya usakinishaji, hivyo msimamizi alilazimika kukaa mbele ya skrini mpaka mwisho. Mwaka 1999 Joey Hess alianza debconf, na huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii: maswali yakatenganishwa na kazi yenyewe. Huulizwa mapema, kwa sura moja, na majibu huhifadhiwa. Kila swali lina uzito wake, kuanzia la lazima hadi dogo, na msimamizi huamua aulizwe yapi. Akitaka kubadili jibu baadaye, hutumia amri ya dpkg-reconfigure.

Vitufe vya kutumia menyu hizi ni vichache. Mishale husogeza, Tab huhamia kwenye vibonye vya chini, kitufe cha nafasi huweka au kuondoa nyota, Enter huthibitisha. Wageni wengi hukosea hapa: huishukia programu wanayoitaka kwa mshale, wakabonyeza Enter, na orodha ikapokelewa bila programu hiyo, kwa kuwa nyota haikuwekwa.

Debian 3.1, iliyotoka Juni 2005, ilileta kisakinishi kipya kilichojengwa kwa utaratibu huo wa debconf.