Ngege na Sheria ya Inchi Tano

Katika soko la Kisumu, mnunuzi aombaye ngege hapati tabu kumpata. Huonyeshwa samaki mnene, mtamu, mwenye bei ya kutosha, akamchukua akaenda zake. Lakini samaki huyo kwa kawaida siye ngege. Ni sato, mgeni wa maji ya Nile, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, akarithi makao ya mwenyeji na hata jina lake. Mwenye jina mwenyewe, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, amekwisha kutoweka katika ziwa kubwa. Neno hilo la Kilatini, esculentus, alipewa mwaka 1928, na maana yake ni mwenye kufaa kuliwa. Waliompa jina hilo hawakukosea.

Asili ya ngege ni Ziwa Viktoria na maji yaliyo jamaa nalo, yaani Kyoga na vile vijiziwa vilivyotengwa na vinamasi pembezoni. Hapatikani kwa asili penginepo duniani. Chakula chake ni mimea midogo mno ielayo majini, isiyoonekana kwa jicho; hivyo hakuwa akimla samaki mwenziwe, bali aliyageuza maji ya kijani ya ghuba kuwa nyama. Dume huchimba kishimo mchangani, na jike akisha kutaga huyaokota mayai na kuyaatamia kinywani, na vifaranga navyo hurudi humo waonapo hatari. Samaki wa namna hii hatagi mayai kwa maelfu elfu kama wafanyavyo samaki wengine; hutaga mamia tu, na wingi wake wategemea majike makubwa yaachwe yamalize kazi yao. Jambo hili ndilo lililoleta mashaka yote yaliyofuata.

Kabla ya karne ya ishirini ngege alivuliwa kwa mitego ya matete, kwa vizuizi vilivyojengwa katika vinywa vya mito, na kwa mabunda marefu ya mafunjo yaliyokokotwa kuelekea pwani. Vizuizi vingi vilikuwa mali ya ukoo, na mgeni hakuweza kuutega mto kwa hiari yake. Si lazima kudhani kwamba wazee wa zamani walikuwa wataalamu wa kuhifadhi samaki. Yatosha kusema kwamba zana zao hazikufika kwenye maji ya kina, na walaji wao hawakuwa mbali.

Mambo yote mawili yaligeuka kwa muda mfupi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa reli samaki wa ziwa akapata soko bara yote mpaka Nairobi. Mwaka 1905 nyavu za kutega, zilizofumwa kwa nyuzi za kitani, zililetwa katika ghuba iliyoitwa wakati ule Kavirondo, na ambayo sasa huitwa Winam. Wavu wa namna hii husimama majini kama ukuta usioonekana. Samaki hupenyeza kichwa, akanaswa mashavuni. Wavu mmoja mwanzoni ulileta makumi ya ngege kwa usiku mmoja. Wavuvi wakaongeza nyavu, na kila mwaka ulipopita kila wavu ukaleta pungufu. Na mwenye kuona upungufu huongeza nyavu tena.

Ndipo serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipomwita Bwana Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi wa baharini kutoka Lowestoft, Uingereza. Alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928, akisaidiwa na kijana Worthington, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1929. Ndiye aliyempa ngege jina lake la Kilatini. Taarifa hiyo yastahili kusomwa hata leo, kwa sababu karibu kila jambo lililompata ngege baadaye limetajwa ndani yake. Graham alishauri kwamba wavu wenye jicho dogo kuliko inchi 5 upigwe marufuku, jicho likipimwa likiwa limevutwa, fundo hadi fundo. Kipimo hicho hakukitoa hewani: wavu wa inchi 5 huwaacha wapite ngege ambao hawajapata kuzaa. Alishauri pia kwamba ziwa lote liwe chini ya mamlaka moja, na kwamba samaki wanaovuliwa wahesabiwe kila mwaka. Kisha akaongeza onyo: kuleta samaki mkubwa mla wenziwe kutoka maji mengine ni hatari kubwa kabisa, isipokuwa utafiti mrefu utangulie.

Mashauri hayo hayakupokewa kwa uzani mmoja. Sheria ya inchi 5 ilitungwa katika miaka ya 1930, maana sheria ipimwayo kwa rula ni rahisi kuiandika. Mamlaka moja ya ziwa ilingoja hadi mwaka 1947, miaka kumi na minane baada ya taarifa. Na mwaka huo huo kikaanzishwa Jinja kituo cha Afrika ya Mashariki cha kuchunguza uvuvi wa maji baridi. Huko Jinja Bibi Rosemary Lowe alifanya kazi ya miaka kadhaa juu ya ngege na ndugu zake, na mengi yajulikanayo juu ya uzazi wa samaki huyu yametoka kwake.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 wavu wa inchi 5 katika ghuba ya Kavirondo ulikuwa ukileta, kwa wastani, chini ya ngege wawili. Wakati huo nyavu za nailoni zilikuwa zimefika, nazo ni nyepesi, hazionekani majini, wala hazivundi. Mvuvi aliyefuata sheria alirudi mikono mitupu. Jirani yake, aliyekuwa na wavu wa inchi 4 ulioingizwa kwa siri, alirudi na chakula cha wanawe. Hoja ya kuiondoa sheria basi haikuwa ya wajinga. Ilisemwa kwamba askari wa kuilinda ni wachache mno kwa ziwa la kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Kwamba samaki wadogo wa namna nyingi, kama furu na ningu, hupita bure katika jicho la inchi 5 ilhali watu wana njaa. Na kwamba sheria inayovunjwa na wote huwafunza watu kudharau sheria nyingine. Uganda na Tanganyika ziliiondoa katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtaalamu mwingine wa Lowestoft, Bwana Beverton, aliitwa kuitazama hali ya uvuvi huo. Taarifa yake ilitoka mwaka 1959, wakati ambapo mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Hoja hizo zote zilikuwa na ukweli ndani yake, na zote zililihesabu ziwa kwa uzito wa samaki waliopandishwa nchi kavu. Kwa hesabu hiyo ngege kumi wasiopata kuzaa ni sawa na ngege watano waliokwisha kuzaa. Lakini uzito hauzai.

Pengo aliloliacha ngege lilijazwa kwa wageni. Sato aliletwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950, na pamoja naye tilapia wengine, kwa nia njema ya kuufufua uvuvi. Kisha likaja shauri la sangara, yule jitu wa Ziwa Albert. Mwaka 1960 Bwana Geoffrey Fryer, aliyekuwa Jinja, aliandika kulipinga. Mwaka 1961 Bwana Anderson wa idara ya uvuvi ya Uganda alimjibu. Mjadala ulikuwa wa adabu na wa kitaalamu, na haukuwa na kazi, kwa kuwa sangara alikuwa amekwisha kuvuliwa karibu na Jinja mwaka huo wa 1960. Bwana Robert Pringle, aliyeichunguza habari hii na kuichapisha mwaka 2005, alionyesha kwamba sangara alikuwa ametiwa ziwani kimya kimya tangu mwaka 1954. Mwaka 1962 na 1963 akatiwa tena, safari hii waziwazi, kwa hoja kwamba amekwisha kuwamo. Onyo la Graham lilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Sangara alikaa karibu miaka ishirini bila kishindo, kisha katika miaka ya 1980 akalijaza ziwa, na mamia ya aina za furu wakatoweka au kuwa adimu. Kwa sababu hiyo watu wengi humtwika sangara kifo cha ngege pia. Mfuatano wa miaka haukubali. Katika ghuba ya Kavirondo ngege alikuwa amekwisha kuvunjwa na nyavu kabla ya sangara kuwa na nguvu. Sato akamsukuma katika mazalio yake na kuchanganyika naye kwa damu. Mbolea na udongo kutoka mashambani vikayageuza maji na mimea aliyoila. Na sangara akawakuta wachache waliosalia. Apendaye kumwona mkosaji mmoja amtazame sangara. Apendaye kujua ilivyokuwa ahesabu nyavu kwanza.

Hata hivyo ngege hakufa. Aliokolewa na mafunjo. Katika kinamasi cha mafunjo maji hayana oksijeni ya kutosha, na sangara, mwenye kuhitaji hewa nyingi, hawezi kukivuka. Nyuma ya ukuta huo vijiziwa vimebaki kama vilivyokuwa. Katika Ziwa Nabugabo, Uganda, sangara alitiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ngege akatoweka. Lakini katika vijiziwa jirani vya Kayanja, Kayugi na Manywa, vilivyotengwa na kinamasi, alibaki. Upande wa Kenya alibaki katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, Siaya. Ziwa hilo lina kilomita za mraba kumi na ushei, na kina cha kimo cha mtu au viwili. Mwaka 1993 Kaufman na Ochumba waliandika juu ya mabaki hayo ya samaki wa zamani, na tangu hapo Kanyaboli likajulikana kwa wataalamu ng'ambo kuliko lilivyojulikana Nairobi.

Jambo la ajabu ni kwamba ngege yumo pia mahali asipopaswa kuwamo. Zamani za ukoloni alichukuliwa na kutiwa katika mabwawa na mito mbali na ziwa lake, na katika bonde la Pangani alistawi hata akawa riziki ya wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Huko yeye ndiye mgeni, na mwenyeji aliye mashakani ni samaki wa Jipe, Oreochromis jipe. Mwenye kumhurumia ngege Kanyaboli hana budi kumwogopa Pangani.

Mwaka 2006 shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, IUCN, lilimworodhesha ngege miongoni mwa samaki walio ukingoni mwa kutoweka. Kinamasi cha Yala chenyewe kilianza kukaushwa kwa kilimo katika miaka ya 1960, na tangu wakati huo shauri la kuendelea kukikausha limekuwa likiletwa, likiachwa, na kuletwa tena. Kila shamba jipya huko hupunguza ukuta wa mafunjo, na ukuta huo ndio sheria pekee iliyomlinda ngege bila askari. Sato naye hakungoja ukuta uanguke. Uchunguzi wa nasaba uliofanywa Kanyaboli umeonyesha kwamba baadhi ya samaki waitwao ngege wamo damu ya wageni ndani yao. Chotara hao huvuliwa pamoja na ngege halisi katika wavu mmoja, huuzwa katika fungu moja, na mvuvi awashikaye mkononi asubuhi hawezi kuwatenga kwa jicho.