Hera Ma Nono
Hera Ma Nono ni jina la albamu ya pili ya kundi la Extra Golden, iliyotolewa mwaka 2007 na kampuni ya Thrill Jockey ya Chicago, Marekani. Kundi hili liliunganisha wanamuziki wa rock wa Marekani, Ian Eagleson na Alex Minoff, na wanamuziki wa Kenya wapigao benga, muziki wa Waluo wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwimbaji wake wa kwanza, Otieno Jagwasi, alifariki mwaka 2005. Nafasi yake ilichukuliwa na Opiyo Bilongo. Wimbo wa "Obama" ni shukrani kwa Barack Obama, wakati huo seneta, ambaye ofisi yake iliwasaidia Wakenya hao kupata viza za Marekani mwaka 2006.