Ng'ombe Mapacha na Asili ya Ustahimilivu wa Kinga

Historia ya upandikizaji wa figo husimuliwa zaidi kwa majina ya madaktari wapasuaji, ilhali wazo lililo zito kuliko yote katika taaluma hiyo, yaani kwamba mwili unaweza kufunzwa kukipokea kiungo cha mtu mwingine bila kutegemea dawa, lilianzia kwa ng'ombe. Mwaka 1945 Ray Owen, mtaalamu wa elimu ya urithi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alieleza kwamba ndama mapacha, hata wasiotokana na yai moja, mara nyingi huwa na damu ya aina mbili, kwa kuwa mishipa ya makondo yao huungana tumboni na seli zinazozaa damu huvuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake, zikatua humo na kuendelea kuishi hadi ukubwani. Kinga ya ndama, ambayo ingetarajiwa kuzishambulia seli hizo ngeni, ilizihesabu kuwa za nyumbani.

Uzito wa jambo hilo ulionekana baadaye, kwa njia ya Peter Medawar, mwanabiolojia wa Uingereza ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alichunguza huko Glasgow jinsi mwili wa majeruhi wa moto unavyoikataa ngozi ya mtu mwingine. Alipoulizwa namna ya kutambua ndama mapacha wa yai moja na wale wa mayai mawili, alijibu kwa yakini kwamba kubadilishana vipande vya ngozi kungetosha, kwa maana wa mayai mawili wangekataana. Karibu wote wakapokeana. Ufafanuzi aliupata katika maandishi ya mwaka 1949 ya Frank Macfarlane Burnet na Frank Fenner, waliomrejelea Owen na kudai kwamba mwili hujifunza mapema maishani kipi ni chake. Mwaka 1953 Medawar, pamoja na Rupert Billingham na Leslie Brent, alithibitisha dai hilo kwa panya waliodungwa, wakiwa bado tumboni, seli za panya wa nasaba nyingine, ambao walipokua waliipokea ngozi ya nasaba ile ile. Hali hiyo ndiyo ustahimilivu wa kinga, nayo haifanani na kinga iliyodhoofishwa, kwa kuwa mwenye ustahimilivu humwachia mgeni mmoja anayemjua huku akiendelea kupambana na wengine wote.

Mgonjwa wa figo, hata hivyo, ni mtu mzima mwenye kinga iliyokwisha kukomaa. Pacha mmoja aliyepandikizwa figo ya nduguye huko Boston na daktari mpasuaji Joseph Murray tarehe 23 Desemba 1954 hakuhitaji kufunzwa lolote, kwa kuwa walitokana na yai moja. Kwa wengine madaktari walijaribu kuunguza kinga kwa mionzi ya mwili mzima, na wengi wa wagonjwa hao walifariki. Ndipo zikaja azathioprini na predinisoni katika miaka ya 1960, kisha siklosporini katika miaka ya 1980, dawa zilizofaulu kiasi cha kulisukuma kando wazo la Medawar, ingawa hukaribisha maambukizi na saratani, na siklosporini, kwa kinyume cha ajabu, huidhuru figo yenyewe.

Waliolirudia wazo hilo walirudi, kwa hakika, kwa ng'ombe wa Owen: walimpa mgonjwa figo pamoja na uboho wa mifupa, au seli zinazozaa damu, za mtoaji yule yule. Katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, kundi la David Sachs, Benedict Cosimi na Tatsuo Kawai lilianza mwaka 1998, na mwaka 2008 likatoa taarifa ya wagonjwa 5 waliopokea figo za ndugu wasiolingana nao kikamilifu kitishu, ambapo 4 waliacha dawa zote. Huko Stanford, Samuel Strober na wenzake walielekeza mionzi hasa kwenye tezi za limfu, njia iliyotokana na tiba ya saratani ya tezi hizo.

Tofauti moja iliwashangaza watafiti. Katika ng'ombe damu ya pacha hubaki maisha yote, lakini katika wagonjwa wa Massachusetts seli za damu za mtoaji zilitoweka baada ya wiki chache, na figo ikaendelea kukubaliwa. Sehemu ya jibu hutafutwa katika seli T rekebishi, ambazo kazi yake ni kuzizuia seli nyingine za kinga zisishambulie. Shimon Sakaguchi alizibainisha nchini Japani mwaka 1995, na kwa ugunduzi huo akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Siku hizi baadhi ya watafiti huzikuza seli hizo maabarani na kumrudishia mgonjwa aliyepandikizwa figo.